Sanduku la Askari wa Plastiki

Mwaka jana, majuma machache kabla ya Noeli, jirani yetu hapa Liège, mama mkongwe aliyefiwa na mumewe, alipiga hodi mlangoni petu akiwa amekumbatia sanduku kuukuu. Alikuwa akijiandaa kuhamia nyumba ya wazee. «Msiwatupe,» alituomba, «mume wangu aliwapenda sana.» Tulipofunua sanduku tuliona askari wa plastiki, mamia kwa mamia, kimo chao hakifiki sentimita 3, wengine wamekatika miguu, rangi zao zikibambuka kama ngozi ya nyoka.

Marehemu alikuwa mchezaji wa vita vya mezani. Mchezo huo si wa jana: mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars, akieleza jinsi watu wazima wanavyoweza kushindana sakafuni kwa askari wa madini na mizinga midogo. Kisha mwaka 1959 kampuni ya Airfix, ya Uingereza, ilianza kutoa watu wadogo wa plastiki ambao hata kijana mwenye senti chache aliweza kuwanunua. Baadaye ilitoa na askari wa Waterloo. Basi jirani yetu, kwa miaka mingi, alipigana upya juu ya meza ya chakula vita vile vya tarehe 18 Juni 1815, vilivyopiganwa si mbali na Bruxelles. Mkewe anasema Napoleoni alishinda mara nyingi kuliko alivyostahili.

Mjukuu wetu, mwenye miaka 11, alikwisha piga magoti akiwapanga mistari. Lakini mmoja wetu, yule anayeitwa Bibi, alisimama mlangoni akasema: «Bunduki hazitalala nyumbani mwangu, hata zikiwa ndogo kama njiti za kiberiti.» Mtoto hakuelewa. Sisi tulitoka Bukavu mwezi wa Oktoba 1996, siku zile Mhashamu Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa, tarehe 29. Mambo tuliyoyaona njiani hatujamsimulia mtoto huyu. Sanduku lililala nje kwenye baraza siku nne, na siku nne hizo hatukuzungumza sana.

Aliyetupatanisha ni mtoto mwenyewe. Alichimbua chini ya wapanda farasi akatoa Waarabu wa jangwani waliovaa kanzu ndefu, pamoja na ngamia. «Bibi, hawa si Mamajusi?» Bibi alimtazama ngamia kwa muda mrefu. Tukaafikiana hivi: kila atakayeingia ndani ataacha silaha mlangoni, na tutatengeneza pango la Noeli.

Kazi hiyo ina adabu yake. Plastiki ya watu hawa ni polietileni, laini na yenye utelezi kama nta. Gundi haiishiki, wala rangi haikai. Ikipigwa na jua miaka mingi, hukauka na kuvunjika kama bua la muhindi. Kwanza huwaosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, polepole, maana vifundo vya miguu ndivyo hukatika kwanza. Aliyepinda huchovywa katika maji ya moto, akanyoshwa, kisha akatiwa katika maji baridi ili abaki alivyonyoshwa. Ukitaka kumpa kichwa kingine, kata kwa wembe, pasha sindano ya pini kwenye mshumaa, uichomeke shingoni, na kichwa kipya ukisukumie juu yake. Vazi hutengenezwa kwa karatasi nyembamba ya kufutia mikono, iliyolowekwa katika gundi nyeupe ya shule. Ikikauka inakuwa na mikunjo kama kitambaa halisi. Kabla ya rangi, mpake mwili mzima gundi hiyohiyo: hiyo hujikunja pamoja na plastiki, na rangi haibambuki.

Hayo tuliyajua baada ya kuharibu. Palikuwa na farasi wawili wa plastiki ngumu. Tuliona rangi yao nzito, tukawatia katika dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Asubuhi tulikuta uji wa kijivu, na ukwato mmoja. Mtoto alilia, nasi tuliona haya, kwa kuwa ndiye aliyetuonya tujaribu kwanza juu ya kipande kibovu.

Tulisumbuliwa pia na neno lingine: je, tunamwibia marehemu? Wapo watu wanaotafuta vitu hivi vya zamani, na askari aliyekatwa mikono hana bei tena kwao. Kwa hiyo wale wazima wa Waterloo hatukuwagusa. Tuliwaosha tu, tukawarudisha sandukuni, na sanduku liko juu ya kabati, chumbani mwa mtoto. Bibi anajua. Tuliowageuza ni waliovunjika, na Waarabu wale.

Aliyetushinda ni mpiga risasi aliyepiga goti. Kwa magoti alikuwa tayari mchungaji. Lakini bunduki ilipokatwa, mikono ilibaki imeinuliwa kifuani, kidole kimejikunja. Mtoto alitaka kumpa fimbo. Bibi, ambaye hakuwa amegusa hata mmoja mpaka siku hiyo, alichukua wembe, akachonga kijiti cha kiberiti, akakitoboa kwa ncha ya sindano mara tatu, akakiweka mikononi mwake. Sasa anapiga filimbi.

Siku ya Noeli, baada ya Misa, tulimleta yule mama mkongwe. Aliinama mbele ya pango, akavaa miwani, akawatazama wachungaji mmoja mmoja. Kisha akanyosha kidole kwa mpiga filimbi. «Huyu namfahamu,» alisema. «Alikuwa akilinda ukuta wa shamba, karibu na chupa ya chumvi.»