Kitabu Alichokisikiliza Mama

Watu wa mwambao wetu hawakungoja simu za kisasa ili wajue raha ya kusomewa. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utenzi mnamo mwaka 1858, alitunga kwa ajili ya sikio. Tenzi zilisomwa kwa sauti, na aliyeketi kando akisuka ukili alipata fungu lake sawa na aliyeshika karatasi. Kwa hiyo vijana wanaponieleza habari za vitabu vya kusikiliza kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi, mimi hutabasamu tu.

Nalisema hili kwa sababu ya mama yangu, ambaye presha ya macho imemnyang'anya nuru yake kwa miaka minne sasa. Yuko Tanga, mimi niko Dar es Salaam. Alhamdulillah, Qur'an anayo kifuani kwa kadiri aliyojaaliwa, na mawaidha ya masheikh huyapata redioni asubuhi na jioni. Alichokosa ni riwaya. Alikuwa mtu wa kusoma jikoni, chungu kikichemka, na ukimsemesha hakusikii. Nilimtafutia riwaya za Kiswahili zilizokwisha kurekodiwa, lakini nilivyopata vilikuwa hadithi fupi za watoto na vitabu vya Kiingereza, lugha ambayo mama hana haja nayo. Basi nikaamua kumsomea mwenyewe. Kila usiku baada ya Isha nilijirekodi kwa dakika ishirini hivi, nikamtumia kwa simu, naye akafunguliwa na mjukuu wake.

Kitabu alikichagua yeye: Nyota ya Rehema, ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1976. Asiyekijua nimweleze kwa ufupi. Ni riwaya ya visiwani, ya zama za mashamba makubwa na mabwana wenye mashamba. Rehema ni binti wa tajiri mwenye asili ya Kiarabu. Tangu kuzaliwa kwake, rangi ya ngozi yake inazua maneno nyumbani. Mama yake anafariki, analelewa katika uonevu, mwishowe anaikimbia nyumba ya baba yake. Maisha ya mjini yanamtenda yaliyo mabaya kuliko aliyoyakimbia. Ndipo anapoolewa na Sulubu, mkulima asiye na kitu isipokuwa mikono yake, na wote wawili wanaitolea jasho ardhi. Kisha baba anakufa, na ile ardhi inakuwa na wadai.

Nilikuwa nimekisoma kitabu hiki nikiwa mwanafunzi, na nakumbuka nilikipenda kwa lugha yake. Kukisoma kwa sauti ni jambo jingine. Ulimi haurukii mstari kama jicho linavyoruka. Maneno anayoambiwa mtoto yatima hukwama kooni, na mara mbili ilinibidi nizime simu, ninywe maji, nianze upya. Nilipofika sehemu za maisha ya mjini nilisita, nikampigia mama nikamwuliza kama niziache. Akasema, "Soma, mwanangu. Ukiyaficha yaliyompata, utakuwa umemsemea uongo." Nikazisoma, nikamwomba mjukuu awe ameshalala.

Sikutazamia kwamba hadhira ingekua. Mama hasikilizi kwa kuweka simu sikioni, huiweka juu ya kigoda akafungua sauti yote. Akaanza kuja mama mkubwa. Akaja jirani mshonaji na cherehani yake. Nikawa naletewa maswali kana kwamba mimi ndiye mtunzi: kwa nini baba mtu hakusema neno? Kwa nini Rehema hakwenda kwa Kadhi? Na kulikuwa na swali moja la mama mkubwa, ambalo mama alinipasha kwa sauti ya chini: "Na sisi je, minazi ya baba imeandikwa wapi?"

Babu yetu alifariki miaka ishirini na sita iliyopita, bibi akiwa amekwishatangulia. Aliacha watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, na shamba la minazi mia moja na arobaini wilayani Pangani. Shamba halikugawanywa. Wajomba walilisimamia, na kila mwangusho wa nazi dada zao waliletewa gunia, pengine na fedha kidogo za Idd. Hapakuwa na ugomvi, na huenda hilo ndilo lililolifanya jambo liwe gumu kusemwa. Utamdai vipi mtu anayekuletea gunia la nazi mpaka mlangoni, akakuuliza hali ya afya yako?

Hesabu yenyewe haihitaji mwanachuoni. Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, imewapa wanawake sehemu katika walichokiacha wazazi, kiwe kidogo au kingi, na aya ya 11 imeweka fungu la mwanamume kuwa sawa na mafungu ya wanawake wawili. Wanaume wawili na wanawake watatu ni mafungu saba. Katika minazi mia moja na arobaini, kila dada ana minazi ishirini. Si ihsani ya kaka yake wala si zawadi ya sikukuu. Tena aya mbili tatu mbele Allah (SW) ameiita hiyo kuwa ni mipaka Yake, akatoa onyo kwa mwenye kuivuka. Tunayasikia haya darsani kila mwaka, tunatikisa vichwa, kisha tunakwenda nyumbani kula nazi za gunia.

Mjomba wetu aliyebaki alifika kumjulia hali mama siku moja, akakuta simu inasoma. Naambiwa aliketi akasikiliza mpaka mwisho wa sura, kwa sababu mama alikataa kuizima. Kisha akasema, "Hizi ni hadithi tu, dada." Mama akamjibu kwamba ni hadithi, naam, ila angependa shamba la baba yao ligawanywe na kuandikwa wangali hai, wajukuu wasije wakaulizana kwa mapanga. Mjomba hakujibu. Alimaliza chai yake, akaaga vizuri.

Baada ya hapo nilipigiwa simu na binamu mmoja, akanilaumu kwamba naingiza fitina katika ukoo kwa vitabu vya watu. Nimelifikiri neno hilo kwa haki yake, maana fitina si jambo dogo. Lakini mama hakujifunza kwa Rehema kwamba ana haki. Hilo alilijua tangu chuoni, akiwa na juzuu mkononi. Alichokipata ni pa kuanzia mazungumzo. Ni aibu kwa mwanamke wa rika lake kusema "nipeni changu" mbele ya ndugu zake, ilhali kusema "maskini Rehema" si aibu hata kidogo.

Wazee wetu wa Unguja waliijua njia hii. Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, alikuwa na wimbo juu ya Kijiti, muuaji wa mwanamke aliyekimbia na hukumu ikawaangukia wanawake walioshuhudia. Wapo wasomaji watakaosema taarabu si mahali pake hapa, nami sibishani nao. Nataja tu kwamba kesi hiyo bado inazungumzwa leo kwa sababu iliimbwa.

Mama ametaka kitabu kifuatacho kiwe Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, chenye Yasmin, binti mdogo anayeozwa kwa mume mtu mzima. Mama mkubwa hataki. Anasema ana wajukuu wa kike wenye masikio mapana. Mjadala unaendelea.

Kuhusu shamba, mjomba alituma ujumbe wiki mbili baada ya ile ziara. Amekubali igawanywe, na amekwisha kuzungumza na watoto wa marehemu kaka yake. Imamu wa msikiti wa kijijini ameombwa asimamie hesabu, na mtendaji wa kijiji aje na muhuri. Mama ameniagiza nije siku hiyo. Anataka nimsomee hati yote kwa sauti, neno kwa neno na mipaka yake, kabla hajaweka kidole gumba.