Singida Yabeba Kombe, Ndani kwa Mdada wa Jezi Kimenuka

Kuna swali ambalo mdada mmoja anayeuza jezi Singida mjini huulizwa karibu kila siku kwenye WhatsApp: "Dada, jezi ya Singida ipo?" Na yeye hujibu kwa swali: "Singida ipi?"

Hatanii. Chini ya kitanda chake kuna mfuko wa shangazi kaja umejaa jezi ambazo hazina mwenyewe tena. Za chini kabisa ni za Singida United, ile iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2017 ikiwa na kocha Hans van der Pluijm, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018 kule Arusha, ikachapwa 3-2 na Mtibwa Sugar, na mwaka 2020 ikashuka daraja. Juu yake ziko za Singida Big Stars, timu iliyopanda mwaka 2022 ikiitwa DTB, ikabadilishwa jina na kumaliza ya nne. Mwaka 2023 jina likawa Singida Fountain Gate, timu ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, ikaitoa JKU ya Zanzibar, ikatolewa na Future ya Misri. Mwaka 2024 Fountain Gate ikahamia Manyara, na Ihefu, ambayo asili yake ni Mbarali mkoani Mbeya, ikawa Singida Black Stars.

Kwa shabiki wa Dar hizi ni stori za kuchekea mitandaoni. Kwa mwenye mzigo ndani, huo ni mtaji umelala.

Na wala hakuna aliyemkosea. Timu ina wenyewe, na wenyewe wana haki ya kuuza, kununua na kubadili jina wakitaka. Shida ni kwamba jezi haibadiliki jina. Ukishaichukua Kariakoo kwa bei ya jumla, ukailipia nauli ya basi mpaka stendi ya Misuna, ni yako na wewe ni wake.

Sasa mdada huyu anaishi na jamaa yake, dereva wa bodaboda, mzazi mwenzie, mtu mpole tu isipokuwa siku ya mechi. Jamaa ni Yanga damu. Singida iko moyoni, anasema, lakini Yanga iko kwenye damu, na moyo ukiusikiliza vizuri kazi yake ni kusukuma damu. Hapo huwa hana mpinzani kijiweni.

Mwaka 2025 ulianza kwa mdada kujiapiza: safari hii jezi ya Singida chache tu, hela nyingine iende kwenye Simba na Yanga ambazo zinatoka zenyewe. Halafu tarehe 23 Januari ikaja habari iliyowasha moto mitandaoni: wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Emmanuel Keyekeh kutoka Ghana, Josephat Bada kutoka Ivory Coast na Damaro Camara kutoka Guinea, wamepewa uraia wa Tanzania. Watu waligombana sana. Wengine walisema ni haki, wengine wakauliza vijana wetu waende wapi. Yeye aliwaza tofauti na wote. Mtu aliyechukua pasipoti ya nchi, aliwaza, huyo hajaja kupita. Labda na timu hii safari hii imekuja kukaa.

Mwezi Machi ukafunguliwa uwanja mpya wa timu hiyo, Airtel Stadium, pale Mtipa, kwa mechi ya kirafiki na Yanga. Mji ulijaa. Aliuza mpaka jezi aliyokuwa ameivaa dada wa kazi kwa ajili ya tangazo. Jamaa yake alibeba abiria kutwa nzima akiwa na jezi ya kijani. Usiku walihesabu hela pamoja, wakacheka.

Hapo ndipo akaenda kwenye kikoba kuomba laki nane.

Mwenyekiti wa kikoba ni mama mtu mzima, muuza kuku wa kienyeji, asiyejua offside ni nini ila anajua hela inavyopotea. Akamwambia, "Mwanangu, hiyo timu unalala inaitwa hivi, unaamka inaitwa vile. Ikibadilika tena, hela yetu tutaidai kwa jina gani?"

"Kwa jina langu, mama."

Akapewa.

Na timu haikumwangusha. Ilimaliza Ligi Kuu nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Jonathan Sowah, straika Mghana aliyekuja dirisha la Januari, akawa anafunga utadhani analipwa kwa bao. Wateja wakaanza kuomba jezi yenye jina mgongoni, na yeye akaanza kuprinti: SOWAH, SOWAH, SOWAH. Tarehe 31 Mei, kule Babati, Singida ikaitandika Simba 3-1 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Wanasimba walikuwa bado na kidonda cha fainali ya Afrika waliyoipoteza kwa RS Berkane wiki ile ile. Mdada akaprinti nyingine.

Fainali ikapangwa tarehe 29 Juni, New Amaan Complex, Zanzibar. Singida dhidi ya Yanga. Ndani ya chumba kimoja.

Ukitaka kuelewa kilichotokea, jiweke kwenye viatu vya huyo bodaboda. Yanga imetoka kumfunga Simba 2-0 tarehe 25 Juni na kubeba ubingwa wa nne mfululizo. Kila kijiwe kinasema hela ya Yanga ni ya kuokota. Yeye ametumwa kukusanya madeni ya jezi kwa wateja, elfu themanini, hela ambayo Jumatatu inatakiwa iende kwa mtu wa Kariakoo. Iko kwenye simu yake. Na kwenye simu hiyo hiyo kuna programu ya kubeti.

Akaiweka yote. Yanga ashinde.

Yanga akashinda, 2-0.

Jamaa alirudi nyumbani usiku akiwa na elfu themanini ya watu na elfu arobaini juu, akiwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana. Akaziweka mezani. Alitegemea kukumbatiwa. Mdada akahesabu elfu themanini, akaichukua, akasukuma arobaini kurudi upande wa pili wa meza.

"Hii siijui."

"Hela ni hela, mama watoto."

"Ungepigwa, ungeniambia nini?"

Hakuna jibu la swali hilo, na wanaume wote waliowahi kubeti hela ya nyumba wanalijua.

Marafiki zake walimshangaa. Walisema anajifanya, mwanaume kaleta faida halafu ananuniwa. Lakini kilichomuuma kilikuwa na sehemu mbili, na hiyo ya hela ndiyo ilikuwa ndogo. Mwaka mzima alikuwa amejifunga na timu hii kwa mkopo wenye jina lake. Siku pekee ambayo timu inacheza fainali, mtu anayelala naye kitanda kimoja, juu ya ule mfuko wa shangazi kaja, ameweka hela ya mzigo wake ili timu hiyo ifungwe. Kila shuti la Singida lililotoka nje, yeye akishika kichwa, mwenzie kwa ndani alikuwa anashukuru.

Julai ilikuwa mwezi wa kimya. Kuongezea chumvi, Sowah akasajiliwa Simba. Jezi kumi na moja zenye jina lake zikabaki. Mteja mmoja wa Simba alimuuliza kama anaweza kuzipaka rangi nyekundu. Alimblock.

Agosti ndiyo iliyowaokoa, na aliyewaokoa ni Taifa Stars. CHAN ilichezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda, na Tanzania ikafungua kwa kuifunga Burkina Faso 2-0 kwa Mkapa tarehe 2. Ghafla kila mtu anataka jezi ya taifa, mwalimu, konda, mpaka mwenyekiti wa kikoba aliyesema anamchukulia mjukuu. Bodaboda akawa anapeleka mizigo mpaka Manyoni. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule wote wawili wanauza na kushangilia rangi moja. Morocco ilipoitoa Stars 1-0 kwenye robo fainali tarehe 22, walikuwa kibanda umiza kimoja, wamekaa benchi moja, na waliumia pamoja. Walirudi wakiongea. Wakati mwingine watu hupatanishwa na kufungwa.

Septemba Singida wakaja na kikosi kingine kabisa. Kocha Miguel Gamondi, huyo huyo aliyewahi kuwapa Yanga ubingwa. Clatous Chama, aliyepita Simba na Yanga. Tarehe 15, uwanja wa KMC jijini Dar, Chama akaiweka Al Hilal ya Sudan mbili, mechi ikaisha 2-1, na Kombe la Kagame, kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, likabebwa na timu inayoitwa Singida.

Mji ulipiga honi. Simu ya mdada ililia mpaka ikazima chaji. Na yeye akiba yake ya jezi za Singida zisizo na jina la mtu ilikuwa sita. Aliogopa kuagiza, ndiyo maana. Alipoamini alibaki na mzigo, alipoogopa alibaki na wateja.

Usiku ule jamaa yake alirudi na elfu arobaini ile ile. Hakuwahi kuitumia, ilikuwa imekaa kwenye simu tangu Juni. Akasema anataka jezi mbili, bei ya dukani, bila punguzo. Mdada akamwambia zilizobaki sita zina oda za watu. Zilizopo ni za Sowah.

Akanunua za Sowah. Mbili.

Sasa tafakari hilo balaa: Yanga damu, juu ya pikipiki, katikati ya mji, na jezi ya Singida yenye jina la straika wa Simba mgongoni. Kijiweni walimpa jina jipya ambalo haliandikiki hapa. Aliivaa wiki nzima. Hakutoa hotuba wala kuomba radhi kwa mdomo, na mdada hakuuliza.

Kisha ikaja Afrika. Singida ikaifunga Rayon Sports 1-0 kule Kigali na 2-1 hapa, ikaitoa na Flambeau du Centre ya Burundi, ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Raha yake ina mwiba: mechi za nyumbani za Afrika zilipigwa Chamazi, na za makundi zikapelekwa Zanzibar. Mtu wa Singida akitaka kuiona timu ya Singida ikiwa nyumbani anapanda basi mpaka Dodoma, treni ya SGR mpaka Dar, halafu boti. Wengi waliishia kununua jezi badala ya tiketi. Kwake yeye hiyo ilikuwa biashara, ingawa alijua si haki.

Mwisho wa Oktoba intaneti ilipozimwa nchi nzima, duka lake lilizimika nayo, maana duka lake ni status. Mwezi Novemba Gamondi akapewa Taifa Stars. Watu wakamuuliza, "Kocha ndo huyo anaondoka?" Hakujibu. Mwaka huu ulishamfundisha kuwa wanaokuja huondoka, hata ukiwaprinti.

Desemba, AFCON ya Morocco. Stars ikafungwa 2-1 na Nigeria, ikatoka 1-1 na Uganda, ikatoka 1-1 na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia ikavuka makundi. Ilivuka bila kushinda hata mechi moja. Wachambuzi wengine walikejeli. Mdada hakuona cha kukejeli. Ndiyo hesabu yake ya mwaka: marejesho ya kikoba ameyamaliza, ada ya mtoto imelipwa, faida ya kuonyesha watu hakuna. Hajashinda. Amevuka.

Morocco wakaitoa Stars 1-0 tena, tarehe 4 Januari 2026, bao la Brahim Díaz. Wiki iliyofuata mama wa kikoba alimuuliza kama anakopa tena. Akasema ndiyo, nusu ya ile ya kwanza. Mzigo mpya hauna jina la mchezaji wala nembo ya klabu yoyote. Ni fulana nzito, mgongoni neno moja: SINGIDA. Timu ikibadili jina, mkoa hauhami.

Bodaboda bado ni Yanga na wala haponi. Programu ya kubeti anayo, ila hela ya jezi siku hizi haipitii kwenye simu yake. Huo ndio mkataba, na aliupendekeza mwenyewe.

Wanawake wa kikoba bado wanabishana kuhusu ile elfu arobaini. Nusu wanasema angeipokea siku ile ile, hela haina timu. Nusu wanasema hata wao wangeisukuma. Wewe je, uko upande gani wa meza?