Ukasisi Wangu Balsall Heath

Nilifika Birmingham mwaka 1999 nikiwa kasisi wa Anglikana kutoka Muheza, Tanzania, nimeletwa kusoma katika Chuo cha Ascension kule Selly Oak. Chuo kilikuwa cha Wamethodisti pamoja na shirika la misheni la USPG, warithi wa UMCA, wamisionari waliojenga misheni ya Magila ambako babu yangu alibatizwa. Masomo yalipokwisha nikapangiwa kusaidia parokia ya Balsall Heath, kusini mwa jiji, na huko ndiko nilikozeekea.

Wakazi wengi wa mtaa huu ni Waislamu, hasa wenye asili ya Pakistani. Wenzangu walinihurumia, mimi sikuona cha kuhurumiwa. Kwetu Muheza baba mdogo alikwenda msikitini, baba akaenda kanisani, na msiba ukitokea wote walikaa mkeka mmoja. Kwenye barabara yetu ya Ladypool Road nilikuta hata wazee wa Kihindi waliohama Kenya na Uganda miaka ya 1968 na 1972. Nilimwamkia shikamoo bibi mmoja mwenye duka la vitambaa, akaitika marahaba bila kuinua macho kwenye mkasi wake, kisha akaniuliza kama Kisumu bado kuna mbu.

Kazi iliyonishika ilianza mwaka 2000. Serikali iliamua waombaji hifadhi wasirundikane London, wasambazwe mikoani, na Birmingham ikapokea wengi. Wakaja Wakongo wa Uvira na Bukavu, wakaja Warundi. Hawakupewa fedha, walipewa vocha. Mtu mzima wa miaka 25 na zaidi alipata pauni 36.54 kwa wiki, na katika hizo ni pauni 10 tu alizoweza kugeuza kuwa taslimu. Zilizobaki azipeleke kwenye duka lililokubaliwa, na duka halikuruhusiwa kurudisha chenji.

Nilisimama kaunta na mama mmoja wa Uvira, mtoto mgongoni, tukihangaika kutimiza vocha ya pauni tano. Maziwa, mkate, nepi: zimebaki peni sabini. Akaongeza vitunguu, ikapita. Akavirudisha, akachukua ndizi mbili, akairudisha moja. Foleni ikaanza kuguna. Akaniambia, “Pasta, kwetu nilikuwa nauzisha vitenge sokoni. Hesabu naijua.” Nilitoka pale na hasira ambayo hata sala ya jioni haikuituliza, na mpaka leo naamini vocha zile zilitungwa ili mtu aone haya. Bill Morris, kiongozi wa chama cha wafanyakazi aliyetoka Jamaica akiwa kijana akakulia hapa Birmingham, alizipiga vita hadharani. Mwaka 2002 zikafutwa.

Wapo waliosema kazi ya kasisi ni madhabahu na fomu ni za wanasheria. Sikubaliani nao. Mathayo 25 haiulizi mtu aliongoza ibada ngapi. Nilijaza fomu, nikatafsiri barua za rufaa, nikawasindikiza watu kwenda kuripoti ofisi ya uhamiaji Solihull, na wasio na maji ya moto nikawaonyesha mabafu ya Moseley Road, jengo la mwaka 1907, kabla vyumba vyake vya kuogea havijafungwa mwaka 2004. Waliokata tamaa niliwaeleza habari za askofu wetu wa wakati ule, John Sentamu, ambaye naye aliikimbia Uganda ya Idi Amin mwaka 1974. Wengine hawakuamini mpaka walipomwona.

Tarehe 28 Julai 2005, Alhamisi alasiri, kimbunga kilipita juu yetu. Mapaa yaliezuliwa, miti kama 1,000 iling'oka mjini, na kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa. Jioni ile majirani Waislamu walileta masufuria ya wali, sisi tukatoa ukumbi na vikombe, na wakimbizi wangu, watu wanaojua kukaa bila nyumba, ndio waliokuwa wa kwanza kubeba matofali.

Yule mama wa Uvira alipata hati zake baadaye. Sheria ikampa siku 28 kuhama nyumba aliyopangiwa kama mwombaji, bila kazi wala akiba, naye na mwanawe wakalala ofisini kwangu hadi tulipopata chumba. Nimestaafu sasa. Yeye ndiye anayewapeleka wapya Solihull na kukaa nao foleni. Barua ikiwa ngumu hunipigia simu, nami huisoma polepole, kwa sababu hukata simu nikiruka mstari.