Kutoka baridi ya Sosiot, mama atazama bonde lililomchukua mwanawe

MSOMAJI wa Mombasa au Garissa akiambiwa kwamba humu nchini kuna mahali ambapo maji ya kunawa asubuhi huchoma vidole kama sindano, huenda akadhani mwandishi ametia chumvi. Na aje Sosiot mwezi wa Julai.

Mji huu mdogo uko Belgut, mwendo mfupi kwa matatu kutoka Kericho. Jina lake ni neno linalojulikana na kila mama wa Kikipsigis: sosiot ni kijiti cha kusafishia kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yanayotiwa masizi ya mkaa.

Nilifika jioni, mvua ikinyesha. Mwenyeji wangu, mama wa makamo, alinipokea kwa "Chamgei" ya furaha na kunikalisha karibu na moto. Nilikuwa nimekuja kutembea kuelekea magharibi, hadi pale nyanda za juu zinapokatika ghafla na mtu akaona uwanda wa Kano na Ziwa Victoria. Nilitarajia kuongozwa na mwanawe.

"Hayupo," mama akasema. "Alishuka Ahero kufanya kazi ya mpunga. Nitakupeleka mimi. Hata mimi nataka kupaona huko aliko."

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito hata niliona tu leso nyekundu aliyojifunga kichwani. Njia ilipita katikati ya mashamba madogo ya majani ya chai, na umande ukatulowesha hadi magotini. Kwenye banda la kununulia majani tuliwakuta wakulima wamejikunyata, vikapu vimejaa, wakingoja lori.

Njiani mama alinisimulia mkasa wake. Kwa miaka 19 alichuma majani katika shamba moja kubwa karibu na Kericho, akiishi katika nyumba za wafanyakazi. Kisha zikaja mashine za kuchuma. Kazi ilipokwisha, nyumba nayo ikaisha. Akarudi Sosiot kwenye robo ekari ya marehemu mumewe, ambayo haikutosha watu wawili. Si yeye peke yake aliyeumia. Mnamo Mei 2023 hasira ilifurika Kericho, na waandamanaji wakateketeza mashine hizo mashambani.

Baada ya takriban saa tatu za kupanda na kushuka, majani ya chai yakaanza kuadimika, yakafuatwa na mahindi na nyasi. Kilima cha mwisho kilikuwa kikali, na udongo mwekundu uliteleza kama sabuni. Mara tatu nilikwenda chini kwa mikono. Mama, aliyevaa buti za mpira, hakuteleza hata mara moja.

Tulipofika juu, ukungu ulikuwa ukipasuka. Ardhi ilikuwa imeporomoka mbele yetu. Kule chini uwanda wa Kano ulitandazwa kama jamvi, kulia vilisimama vilima vya Nandi, na mbali kabisa Ghuba ya Winam iking'aa kama bati jipya. Nyuma yetu ilibaki kijani ya chai, ikielekea msitu wa Mau.

Hapo ndipo nilipoelewa baridi ya Sosiot. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nao mji wa Kericho uko karibu mita 2,000. Jua likipanda, upepo wa ziwani hubeba unyevu hadi huku juu, ukakutana na upepo wa mashariki, na alasiri mawingu yakafunguka. Ndiyo sababu Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, pamoja na ile mvua ya mawe inayopasua majani ya chai. Kisha maji hurudi yalikotoka kupitia mto Sondu Miriu, yakizungusha njiani mitambo ya umeme ya megawati 60.

Mama hakuwa akinisikiliza. "Ahero ni wapi?" aliuliza. Nilimwonyesha upande ule, ng'ambo ya mashamba ya uwandani. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa simu kifuani, akampigia mwanawe.

"Toka nje," alimwambia. "Tazama huku milimani. Mimi niko juu." Kijana hangeweza kumwona kwa umbali ule, lakini mama aliivua leso yake akaipunga hewani hadi simu ikakatika.

Saa tano mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kupanda. Tuligeuka, na kabla ya kufika nyumbani mvua ilikuwa imetufikia. Usiku tulikula kimyet na mboga ya isagek. Mama alikuwa akipiga hesabu kama bonasi ya Oktoba ingemtosha kijana kurudi kwa Krismasi.

Ukiazimia safari hii, chukua sweta nzito, koti la mvua na viatu vyenye meno. Ondoka alfajiri, kwani baada ya adhuhuri utaona mawingu tu. Tafuta mwenyeji akuongoze, na umlipe vizuri. Pengine naye ana mtu kule chini.