K ni ya Kakakuona

Chati nyingi za alfabeti ninazoziona zimetundikwa ukutani hapa mjini ni za Kifaransa. Herufi K imepewa kangaruu, P imepewa pengwini. Sina ugomvi na wanyama hao. Lakini mtoto wa Kiriri, anayeliona Ziwa Tanganyika akiwa mlangoni kwao, anamjua mnyama wa Australia kabla hajawajua wa kwetu.

Wakati wa likizo nilianza kumfundisha mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 6, kusoma Kiswahili. Nilikata maboksi, nikaandika herufi moja kwenye kila kadi, kisha nikaanza kutafuta wanyama. Kwa kuwa nyumbani tunasema Kirundi, nilitaka kuanza na lugha anayoijua. Hapo niliona kwa macho jambo ambalo darasani tulikuwa tumelisoma kwa nadharia tu: intare, imvubu, ingona, inzovu, ingwe, impfyisi, inzoka. Karibu wote wanaingia kwenye kadi moja ya I, kwa sababu ya ile irabu inayotangulia kiambishi cha ngeli. Kwa Kiswahili wanyama haohao hutawanyika: simba, kiboko, mamba, tembo, chui, fisi, nyoka. Kila mmoja akapata kadi yake.

Hata hivyo Kiswahili nacho kina mapengo. K na N zimejaa hadi kufurika, ilhali DH, GH na TH zilibaki bila mnyama. Si ajabu, kwani maneno mengi yenye sauti hizo yametoka Kiarabu, na majina ya wanyama wetu wa porini kwa sehemu kubwa ni ya Kibantu. Kumbe hata kadi tupu zina historia ya kutufundisha.

Mwenzangu mmoja wa darasani alinishauri nitumie kuku na mbuzi, kwa hoja kwamba mtoto hutoka kwenye anachokijua kwenda kwenye asichokijua. Hoja hiyo ina nguvu, na kuku nilimweka. Lakini kuku hakuulizwa swali hata moja. Kwenye O nilimweka okapi, ndugu wa twiga mwenye miguu yenye milia, ambaye porini anaishi Kongo tu, nchi ambayo milima yake tunaitazama ng'ambo ya ziwa. Kwenye M nilimweka muhanga, mchimbaji wa usiku anayekula mchwa. Kwenye K nikamweka kakakuona.

“Mama mdogo, kaka aliona nini?” mtoto akauliza, akacheka mpaka akaangusha kadi.

Nilimweleza kwamba mnyama huyu ana magamba karibu mwili mzima, hana meno, hula sisimizi na mchwa kwa ulimi mrefu, na akitishwa hujiviringisha kama mpira. Akataka kujua kama nimewahi kumwona. Sijawahi. Mama yangu pia hajawahi. Bibi peke yake, alipouangalia mchoro wangu mbaya, alisema alimwona mara moja akiwa msichana, upande wa Kibira. Basi katika vizazi vinne vya nyumba yetu, mmoja amemwona mnyama, na wa mwisho ameanza na jina.

Kujiviringisha kunamwokoa na simba, lakini hakumwokoi na binadamu, anayemwokota tu na kumtia kwenye gunia. Duniani kuna aina 8 za kakakuona, 4 kati yake zikiwa Afrika, na wote huwindwa kwa ajili ya nyama na magamba. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote. Sheria hiyo ni njema, lakini ni vigumu mtu kumsikitikia mnyama asiyejua hata anaitwaje.

Ndiyo maana siamini kwamba alfabeti ni kazi ndogo ya kuwaachia wauza chati. Sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi ambamo watoto wengi hukutana nacho shuleni tuna nafasi ya kuchagua neno la kwanza wanalolibeba. Likizo ijayo, kila mmoja wetu awaulize wazee wa kwao majina 5 ya wanyama wasioonekana tena, ayaandike kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Kadi ya E bado ninaitafutia mwenyewe.