Elimu Bila Amali

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mpenzi msomaji, maneno hayo nilikuwa nikiyatia kwenye insha ili nipate alama tu. Pikapu kuukuu ya baba ndiyo iliyonifunza maana yake.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua ya masika imeanza. Alfajiri baba alikuwa Mayungu amepakia samaki wa kupeleka sokoni Malindi. Akapiga ufunguo, stata ikalia wee, injini isiwake. Barafu nayo yayeyuka. Mimi, bingwa wa fizikia kidato cha tatu, nikatoa hukumu: "Baba, koili imekufa. Ndiyo inayokuza volti 12 za betri ziwe maelfu." Baba akaniamini. Akapanda matatu hadi mjini, akanunua koili mpya kwa pesa alizoniwekea za karo. Tukaifunga. Wapi! Injini ikakataa katakata.

Ndipo alipoitwa Ami, fundi wa jua kali.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Ile koili ya kwanza mliipima?"

Nikainamisha kichwa.

Akafungua plagi moja, akairudishia waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Hakuna cheche. Kisha akachomoa upande wa distributa ule waya mnene utokao kwenye koili, akausogeza karibu na chuma kwa koleo ya mipini ya mpira. Ta! Ta! Ta! Cheche za buluu. Akaifunga tena koili ya zamani: cheche zile zile.

"Waona? Moto watoka hapa, lakini kule haufiki. Mwizi yuko katikati."

Akafungua kifuniko cha distributa. Ndani mlikuwa na unyevu na chumvi ya bahari, umeme ukipotelea humo kabla ya kufika kwenye plagi. Akapangusa kwa kitambaa kikavu, akakwangua ncha zilizoota ukoko, akafunika. Pikapu ikanguruma! Ujira wake ulikuwa changu wawili.

Samaki waliuzwa kwa bei ya kutupa. Duka likakataa kurudisha pesa. Shule ilipofunguliwa, nilichelewa wiki mbili kwa ajili ya karo. Baba hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Koili ile ingali nyumbani ndani ya boksi lake. Siku hizi nikiulizwa gari lina nini, hujibu: "Ngojeni kwanza tupime."