Dalali Aliniambia

Lile gari nimelitukana Songea nzima, kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni, na dalali aliyeniuzia nimemwita tapeli mbele za watu. Naungama: dalali alinieleza ukweli, mimi ndiye niliyeziba masikio.

Lilikuwa gari kubwa la familia, la Kizungu, viti saba vya ngozi. Hesabu ya kuagiza nje ilishanishinda, maana gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25. Hili lilikuwa tayari na namba za Tanzania, bei yake ikikaribiana na ya Noah. Sikujiuliza kwa nini.

"Kaka, nyuma kushoto upepo unapungua, liwahishe kwa fundi," dalali alisema. Nikamjibu tutaona. Hela yote iliishia kwenye kununua. Ya matengenezo sikubakiza hata shilingi.

Gari la namna ile halikalii springi za chuma. Linakalia mifuko ya mpira inayojazwa upepo na kompresa. Mpira ukizeeka unaingia nyufa, upepo unatoka, na kompresa inahangaika muda wote kufidia. Asubuhi nalikuta limechuchumaa pembe moja. Nikamwambia mke wangu uwanja una mteremko. Nawasha, linanyanyuka, naondoka zangu. Fundi mmoja wa Majengo alipaka maji ya sabuni kwenye mfuko, na mapovu yakafura mbele ya macho yangu. Akataja bei ya mfuko mpya. Nikasema bado linatembea.

Kompresa iliungua kwenye kona za Umatengo, tukielekea Mbinga, familia nzima ikiwa ndani. Ikabidi ninunue mfuko na kompresa, vyote vikisubiriwa kwa basi kutoka Dar. Injini na giaboksi, hadi leo, havijanisumbua. Hilo sikuwahi kumwambia yeyote kati ya wale niliowahubiria kwamba gari ni bovu.

Dalali nimemfuata kijiweni kwake, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Nawe unayelitamani gari la aina hii, mwambie mwenye nalo asiliwashe kabla hujafika. Nenda alfajiri, likiwa limelala usiku kucha mahali tambarare, ulitazame limekaaje pembe zote nne. Bei ya mfuko na kompresa uwe nayo mfukoni kabla hujalipa.